Mkono wa Nyumba

Fungate ilipokwisha, Bi Kidawa alimwita jikoni mkazamwana wake, Raya, akamkabidhi kikanda cha kubana mkono. Sheria ilitaka kila nyumba iwe na mtu mmoja wa kubanwa kwa niaba ya wote. Kikanda huzuia damu mkononi dakika tano, huachia, kisha hubana tena, hadi mara nne. Damu iliyokwisha kuzoea dhiki hutolewa kidogo, kisha wengine wote nyumbani huchomwa sindano ya majimaji ya damu hiyo, na mioyo yao haidhuriki.

"Inauma, mama?"

"Mwanzoni tu, mwanangu. Mimi nimebanwa miaka kumi na tisa. Baba mkwe wako kapatwa na mshtuko wa moyo mara mbili, na ile ya pili alirudi kumalizia uji wake."

Raya alikivaa mkono wa kushoto, kikanda kikabana. Vidole vya Raya vikapauka, vikafa ganzi. Aligeuza uso asivitazame, ndipo akamwona Bi Kidawa akiipua sufuria ya chai inayotokota, kwa mkono wa kushoto, bila tambara, wala hana haraka.

"Mama, unaungua!"

Bi Kidawa aliutazama mkono ule kama wa jirani. "Ala," alisema, akaitua sufuria taratibu.

Kikanda kikaachia. Damu ikarudi, vidole vikamwasha Raya kama vimevamiwa na siafu, naye akaomba visiache kuwasha.

"Bado mara tatu," alisema mumewe, Mbaruku, aliyesimama mlangoni, mkono wa shati keshaukunja kungoja sindano.