Muleba Haikupanda

Philbert alikuwa bado amebebwa mabegani, jezi imelowa pombe ya ndizi, lubisi, mjumbe wa kamati ya mpira alipoegemeza baiskeli yake ukutani na kuomba watu wanyamaze.

"Waitu, ndugu zangu, poleni. Ushindi wenu umefutwa," alisema. "Kamati imepata habari kwamba Philbert si mwenyeji wa huku. Mwangaza ya Bukoba mjini, iliyoshika nafasi ya pili, ndiyo itakayopanda daraja la kwanza."

Ngoma ikakatika. Wakamteremsha Philbert taratibu, kama mtu anayeshusha mgonjwa.

Lwakatare, nahodha wa Muleba, hakubisha. Alijua mjumbe anasema kweli. Wakati ule wa Mwingereza timu ya shamba iliruhusiwa kuchezesha wenyeji wa tarafa yake, gombolola, tu, ilhali timu za mjini zilimchukua yeyote mwenye kazi mjini. Philbert alikuwa mtu wa Kiziba. Lwakatare alimwona akicheza huko, akampenda, akamleta nyumbani kwake na kumtambulisha kuwa mtoto wa baba yake mdogo aliyefia Uganda. Alimpa chumba, akamgawia na sehemu ya kibanja chake cha migomba. Kwa mabao ya Philbert, Muleba iliyozoea kumaliza mkiani ilikuwa imeshinda daraja la pili.

Ukweli huo hakuwahi kumwambia mtu, ila mkewe Penina. Na Penina alikuwa dada wa Apolinary, mshambuliaji aliyepoteza nafasi yake Philbert alipokuja.

Jioni ile wachezaji walimleta Apolinary uani kwa Lwakatare, shati limechanika begani.

"Shemeji, mimi sikujua lolote," alisema Apolinary. "Uliniambia ni ndugu yako, nikaamini. Nilikaa nje, nikawashangilia."

"Basi kamati ilioteshwa?"

"Muulize aliyekwenda kamati. Mimi sikwenda."

Lwakatare akamgeukia mkewe. "Penina, ulimwambia kaka yako?"

"Sikumwambia."

"Siri hii nilikupa wewe peke yako."

"Na mimi nimekaa nayo, baba Alistidia. Naapa kwa Mungu."

Philbert alikuwa ameketi mlangoni, mzigo wake umekwisha kufungwa. Akasimama, akaenda kumwachanisha Apolinary na mikono ya wenzake.

"Mwacheni," alisema. "Kaka, yaishe. Mimi ndiye chanzo cha haya yote. Nitaondoka kesho, ninyi mbaki mnapatana."

Maneno hayo yakamchoma Lwakatare kuliko kitu kingine chochote. Mgeni, aliyepoteza kila kitu, ndiye aliyewaombea msamaha waliomchongea!

Apolinary alifukuzwa kwenye timu, na haikuchukua muda akafukuzwa na macho ya watu. Akienda kunywa lubisi, benchi lilibaki tupu. Mwishowe akavuka kwenda Uganda kutafuta vibarua. Penina naye alirudishwa kwa baba yake. Alistidia, binti yao mdogo, alimng'ang'ania mama yake kiunoni mpaka wakambandua vidole. Wazazi wa Penina walikuja mara mbili kuomba wazungumze. Lwakatare hakuwakaribisha ndani.

Lakini Philbert, siku ya kuondoka, Lwakatare alimsindikiza mwenyewe mpaka barabarani. Alimbebea mkungu wa ndizi, akasimama naye hadi lori lilipofika. Wakakumbatiana. Lwakatare alilia mbele za watu, wala hakuona aibu.

"Ungekuwa ndugu yangu wa damu," alimwambia, "nisingeumia zaidi ya hivi."

Philbert aliangalia chini. "Ulinitendea mema mno, kaka," akasema, akapanda lori.

Msimu uliofuata, kahawa ilipokauka, Lwakatare alipeleka mzigo wake Bukoba. Alipomaliza shughuli alisikia kelele uwanjani, akajipenyeza mpaka mbele. Mwangaza walikuwa wakicheza mechi yao ya kwanza tangu wapande. Mara mchezaji mmoja akawatoka mabeki wawili, akapiga shuti kwa mguu wa kushoto, nyavu zikatikisika.

Lwakatare aliujua mguu ule kabla hajaiona sura.

Moyo ukamruka kwa furaha. Kumbe amepata kazi mjini! Kumbe waungwana hawa wamemwokota baada ya Muleba kumpoteza! Akainua mikono, akaita kwa nguvu zake zote: "Philbert! Philbert!"

Kelele za watu zikalimeza jina. Mzee mmoja aliyevaa skafu ya Mwangaza akamgeukia akicheka.

"Unamfahamu mtu wetu?"

"Ni kama mdogo wangu," Lwakatare alijibu, machozi yakimlengalenga. "Ameteseka sana yule. Watu walimchongea kwenye kamati."

"Nani amchongee?" Mzee alimtazama kwa mshangao. "Mimi nilikuwamo kwenye kamati. Tulikuwa tumeketi, mlango ukafunguliwa, akaingia yeye mwenyewe, peke yake. Tukamkaribisha kiti, akakataa. Akasema, 'Mimi si mtu wa Muleba.'"