Nusu ya Sadique

Uwanja ulikuwa umeshafagiliwa, lakini Saquina aliufagia tena. Kisha akaingia jikoni, akafunua sufuria, akatia chumvi kwenye mchuzi uliokwisha tiwa chumvi, akatoka. Mwalimu mzima, anayeogopwa na darasa zima la watoto wa Quionga, Jumamosi hiyo alikuwa anaizunguka nyumba yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Simu ikalia. Akakimbilia nyuma ya choo, mahali pekee pale nyumbani ambapo mtandao wa Tanzania, wa ng'ambo ya mto Ruvuma, ulishika vizuri.

“Mwalimu, umeamua?” Alikuwa Delfina, mhariri wake wa Dar es Salaam. “Kitabu kinakwenda mitamboni Jumatatu. Bosi anataka jibu leo, la sivyo nafasi yako anapewa mwingine.”

“Hizo nusu mbili za kitabu haziwezi kukaa pamoja?”

“Ungekuwa na jina, tungejaribu. Hii ni riwaya yako ya kwanza. Msomaji anasoma habari za muuza mikate na mkewe, anacheka, anajiona yuko nyumbani. Akifunua sura inayofuata, anakuta askari wasio na vivuli wanauteka mji na kumswaga shujaa mpaka Mlima wa Majivu. Ashike lipi? Njia mbili zilimshinda fisi, mwalimu.”

Saquina alijiegemeza kwenye ukuta wa choo. Nusu hizo hazikufanana hata kidogo, na yeye ndiye aliyelijua hilo kuliko mtu yeyote. Sura za Sadique, yule muuza mikate, zilikuja zenyewe. Sadique anarudi na baiskeli, kapu la mikate likiwa tupu, anaonja mchuzi na kulalamikia chumvi, anaimba vibaya akioga. Kuziandika ilikuwa raha tupu. Zile za askari wasio na vivuli aliziandika kwa taabu, na mara nyingi aliiacha sentensi katikati akatoka nje kupunga hewa.

“Ushauri wangu unaujua,” Delfina aliendelea. “Futa hiyo ngano yote, mbakize Sadique. Yule ni mtu hai! Namsikia mpaka anavyotafuna. Tena samahani kwa udaku, mumeo anasemaje kuwekwa kitabuni namna ile?”

Saquina akaitazama baiskeli ya Sadique iliyoegemea ukuta, tairi zimelala.

“Hajasema kitu.”

“Wanaume bwana!” Delfina akacheka. “Ngoja kitoke, utamwona anavyotembea nacho kifuani. Nipigie kabla ya alasiri.”

Bi Zuleica, mama yake Sadique, alikuwa barazani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Mikono yake haikusimama, ila macho yalimfuata mkazamwana wake hatua kwa hatua.

“Na mimi nikuulize. Umeamua?”

“Bado, mama. Leo kila mtu ananiuliza hilo hilo.”

“Wana haki. Sheikh keshasema lake. Watu wamengoja, na mimi nimengoja. Miaka yote hii umejifungia na hiyo livro yako, hicho kitabu chako, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu.”

“Na mama ungependa lipi?”

Mbuzi ikanyamaza. “Mimi ningependa nilale usingizi,” alisema Bi Zuleica. “Lakini mimi ni mamake tu. Neno ni lako.”

Saquina aliingia ndani. Aliketi, akainuka, akafunga dirisha, akalifungua, akaketi tena. Akawasha kompyuta na kusoma sura ya mwisho ya Sadique, ile ambayo Sadique amejaa mvi na anagombana na mjukuu kwa ajili ya kipande cha mkate. Akacheka peke yake. Halafu akasoma ile nyingine. Mke wa shujaa anafika chini ya Mlima wa Majivu, anakuta lango halifunguki kwa mtu aliye hai, anageuka kurudi kwao.

Aliwahi kuwasomea majirani. Kwenye sura ya chumvi alitegemea kicheko, lakini rafiki yake Nádia alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Kwenye Mlima wa Majivu, hakuna aliyeuliza mlima huo uko wapi.

Aliogopa. Kitu alichokilea usiku na mchana kinafutwa kwa kidole kimoja, na baada ya hapo hakuna tena wa kumlalamikia chumvi. Aliunyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena, na safari hii hakuurudisha.

Akaenda nyuma ya choo kupiga simu.

“Umemfuta Sadique?” Delfina alipiga ukelele. “Mwalimu! Umetupa ukweli wote, ukabakiza ndoto!”

“Chapeni hivyo hivyo, dada.”

Akakata simu. Miguu yake, iliyohangaika tangu alfajiri, ilimpeleka moja kwa moja barazani. Akapiga magoti mbele ya Bi Zuleica, akamshika mikono yote miwili pamoja na nazi yake.

“Mama,” alisema, “mwambieni sheikh asome khitma. Wale waliomchukua hawamrudishi tena. Leo naanza kukaa eda ya Sadique.”