Uzinduzi wa Ndege

Barua ya kumfukuza kazi mlinzi wa msitu ilikuwa tayari, imepigwa muhuri na kutiwa kwenye bahasha, ila ilibidi isubiri kwanza ndege azinduliwe.

Mlinzi aliketi kiti cha mwisho ukumbini, kofia mapajani. Miti kumi na mmoja, mikubwa ya kukumbatiwa na watu watatu, ilikuwa imekatwa katika eneo lake ndani ya miezi minne. Baada ya barua wangefuata polisi. Alishaapa kwamba hakukata hata tawi, na kila mtu alimjibu vilevile: mtu anayemtambua ndege kwa sauti tu, inakuwaje asisikie msumeno wa injini?

"Haikatwi nikiwepo," alikieleza kikao cha nidhamu. "Inakatwa Alhamisi, nikija huku makao makuu kusaini."

"Kwa hiyo mwenye kosa ni Alhamisi," Mkurugenzi alisema. Wajumbe wakacheka, maana aliyesema alikuwa Mkurugenzi.

Utaratibu wa kusaini ulikuja pamoja na Mpango wa Kusikiliza Msitu, ambao ulileta pia fulana, kofia, semina mbili hotelini na mashine tano za kunasa sauti. Wazo lenyewe halikuwa baya, tuseme ukweli. Msitu wenye ndege wengi ni msitu mzima, na anayetaka kujua hali yake ategee sikio alfajiri. Mlinzi alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tisa bila fulana. Lakini hakuwa na mashine, basi alichosikia yeye hakikuhesabika. Mashine zilisikiliza kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kisha zikajizima ili kuokoa betri. Miti ilikatwa saa nne.

Ndipo mashine iliyofungwa bondeni, karibu na visiki, ikanasa wimbo ambao Mtaalamu wa Sauti hajapata kuusikia: milio mitatu mikali ikipanda, kimya kidogo, kisha mtetemo mrefu. Akaandika ripoti ya kurasa arobaini. Akathibitisha kwamba ni ndege wa aina mpya, na kwa unyenyekevu mkubwa akampa jina la Mkurugenzi. Hakuna aliyekuwa amemwona kwa macho. Ripoti ilisema ni ndege mwenye haya.

Alhamisi iliyofuata mlinzi alikuja kusaini, akausikia wimbo ukichezwa ofisini, akasimama mlangoni.

"Samahani, mtaalamu. Huyo namjua. Ni Mbea."

Mbea ni jina alilompa ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, kwa sababu hakuna anachokisikia asikirudie.

"Mzee wangu," Mtaalamu alisema kwa upole wa kuongea na mgonjwa, "wimbo huu haumo kwenye kumbukumbu za ndege yeyote."

"Si wake, ameuiga. Mke wangu akinipigia mluzi nikale, na yeye huupiga. Nimeshakwenda nyumbani mara ngapi nikakuta hata moto haujawashwa."

"Haya, na huu ameiga ndege gani?"

Mlinzi alifumba macho, akasikiliza tena mpaka mwisho.

"Sijui. Ila si ndege; ni kitu amekisikia mara nyingi, na ni palepale visikini. Mkijua ni kitu gani, mtamjua anayekata."

Mtaalamu akaandika kwenye daftari lake kwamba mlinzi anapinga sayansi. Maneno hayo yakanukuliwa kwenye barua, aya ya pili.

Na sasa ilikuwa Alhamisi tena, saa nne kasoro, ukumbi umefurika. Katibu muhtasi alipita na kikapu akikusanya simu za watu, ili msitu usikilizwe kwa heshima. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kuitumbukiza yake, baada ya kuiinua juu kidogo wapiga picha waione.

"Mimi mwenyewe," alisema kwenye kipaza sauti, "sijajaliwa kufika bonde lile hata siku moja. Majukumu, ndugu zangu. Lakini masikio yangu yako kule." Akatazama viti vya nyuma. "Wapo wenzetu wanaoshinda humo miaka na miaka wasisikie kitu. Tunawaelekeza, hawaelekezeki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Makofi yakapigwa. Mlinzi aliona uso unamwaka. Aliogopa, wala si kufukuzwa kulikomtisha. Alikuwa ametoka nyumbani asubuhi akimwambia mkewe kwamba anakwenda kwenye sherehe, na hakujua nani angekwenda kumwambia kwamba amelala rumande. Askari wawili walikuwa wameshasimama mlangoni, wanakula keki.

Katibu muhtasi akaiweka bahasha mezani, mbele ya Mkurugenzi.

"Kwanza ndege," Mkurugenzi alimnong'oneza, kipaza sauti kikiwa bado wazi.

Mtaalamu akaomba dakika moja ya ukimya kabla ya kuwasikilizisha wageni. Watu mia mbili wakainamisha vichwa. Hata askari wakaacha kutafuna. Mashine ilikuwa mezani, imezimwa, na Mtaalamu alikuwa bado anaitafuta miwani yake.

Ndege akaimba. Milio mitatu mikali ikapanda, kikafuata kimya kidogo, kisha mtetemo mrefu. Akaimba tena, kwa nguvu zaidi, kutoka mfuko wa ndani wa koti la Mkurugenzi.