Kisu Nyuma ya Mlango

Mvua nyembamba ilinyesha tangu alfajiri, na nyumba nzima ilikuwa kama imesinzia, mke wa mlinzi wa msitu alipoishusha ala ya ngozi yenye kisu cha mumewe, iliyotundikwa nyuma ya mlango.

Mumewe aliingia msituni miaka miwili iliyopita, hakurudi. Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukata tamaa. "Mwanangu amekufa, tusijidanganye," alisema, na tangu siku ile hakulitamka tena jina lake.

Mke alijua atakachokikuta. Chuma cha kisu kile hushika kutu upesi, na ngozi hutunza unyevu. "Hiki kina wivu," mumewe alizoea kutania. "Ukikisahau siku tatu tu, kinanuna."

Akaketi kitandani, akakichomoa taratibu, kwa hofu ya kuuona wekundu.

Kilitoka cheusi na laini, makali yake yaking'aa kama maji ya kisima. Alipokipitishia kidole, kikateleza. Kilikuwa kimepakwa mafuta, tena ya jana au juzi. Akanusa: mafuta ya cherehani. Na mle nyumbani cherehani ilikuwa moja tu, ya mama mkwe.

Kandambili zikanyamaza mlangoni. Mama mkwe alikitazama kisu.

"Ni hii mvua tu, mwanangu," alisema. "Chuma hakiipendi."

Mke alisogea ukingoni mwa kitanda, akapapasa pale palipobaki wazi.

"Njoo ukae, mama. Nionyeshe unavyokipaka."