Nguzo ya Kona

Alikuwepo Kanga mwenye wasiwasi. Upepo ulikiezua kibanda chake cha bustanini, na jioni hiyo mama mkwe angekuja kupumzika humo. Fundi Kigogota aliezeka upya, kisha akazigonga nguzo zote kwa mdomo.

"Nzima, mama."

Kanga hakutulia. Je, kikimwangukia mkwe?

"Gonga tena hiyo ya kona. Naisikia ina uwazi."

"Uwazi gani, mama?"

"Gonga tu, fundi, nakusihi. Na huku chini. Na hapo tena."

Fundi akagonga na kugonga, hadi nguzo ikajaa matundu.

Mkwe alipofika, akaiegemea kidogo tu, kibanda kikawalalia yeye na Kanga.

Kanga akachomoza kichwa kwenye makuti, akashusha pumzi.

"Unaona, fundi? Si nilikwambia?"