Moto wa Kupapasa

Fundi Mbwiga alichora ndimi za moto kwenye vifuniko viwili vya makopo ya rangi, akamkabidhi Mzee Chande. Mzee alikuwa amepofuka mwaka wa pili sasa, lakini gari lake jeusi la zamani alikataa katakata kuliuza. Alitaka lichorwe moto ubavuni, kama alivyotamani tangu ujana.

"Hiki ni chekundu," alisema fundi. "Kinaonekana toka sokoni. Hiki cha pili ni damu ya mzee juu ya nyeusi. Kivulini huoni kitu, mpaka jua lipige."

"Baba, chukua chekundu," alisema bintiye, Mwanahawa. "Angalau watu watakusimulia."

"Nimechoka kusimuliwa."

Alipapasa kifuniko chekundu, laini kama kioo. Alipopapasa cha pili, kidole kikakwama.

"Niwie radhi, mzee," fundi alisema kwa haya. "Hapo nimebandua utepe wa kuzuia rangi tu, sijapiga msasa. Kwenye gari hutausikia huo ukingo wa rangi."

"Nisipousikia, nitakuwa nimepaka nini?"

Mji mzima ulimsifu fundi kwa ulaini wa kazi yake. Mwishowe akauweka mfukoni msasa aliokuwa ameushika.

"Basi nitauacha. Wakinicheka, nitasema umeniamuru wewe."

Mzee alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akakirudisha kidole kwenye kifuniko, akaufuata ulimi wa moto taratibu, kona kwa kona, hadi kwenye ncha. Hapo akakiondoa upesi, akakipuliza.