Kishikio cha Mpera

Mama alikuwa wa kwanza kuonyeshwa programu yangu, inayotafuta vitu vilivyotumika vinavyouzwa kwenye masoko yote ya mtandaoni kwa mara moja.

"Tafuta cherehani, mwanangu. Tangu yetu iibiwe nashona sare kwa mkono."

"Inawapata hata wauzaji waliokosea herufi," nikajisifu.

Likatokea tangazo la hapa hapa Bigwa: "Charahani nzima, haina shida."

Nikaikuza picha. Gurudumu lilikuwa na kishikio cha mti wa mpera. Marehemu baba alikichonga mwenyewe, na makovu ya kisu chake yalionekana bado.

Nyuma yake lilining'inia pazia la tausi. Mama alilishona kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, Mjomba Abasi. Ndiye aliyetusindikiza polisi siku ya wizi, akalia kuliko sisi.

Mama akaweka kidole juu ya kishikio, akakizungusha taratibu kwenye kioo cha simu.

"Hodi wenyewe! Ugali umeiva, au nimewahi?" Mjomba alikuwa anavua viatu mlangoni, anacheka.

Nikamtazama mama.

"Mwanangu," mama akasema, kidole kikiwa palepale, "mwamkie mjomba wako."